Umejuaje?

Tarehe 20 Januari 2017 Tanzania iliacha kuwapokea wakimbizi wa Burundi kama kundi. Kwa karibu miaka miwili kabla ya hapo, tangu Rais Pierre Nkurunziza alipopitishwa Aprili 2015 kugombea muhula wa tatu na watu wakaanza kumiminika Kigoma, aliyevuka mpaka hakuhitaji kueleza mengi. Alikuwa Mrundi, na hali ya Burundi ilijulikana. Aliandikishwa, akapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, au Nduta wilayani Kibondo iliyofunguliwa upya Oktoba 2015, au Mtendeli kule Kakonko kuanzia Januari 2016. Baada ya tarehe ile kila mmoja alitakiwa kusimama na maelezo yake mwenyewe. Na katika mahojiano ya namna hiyo lipo swali moja dogo ambalo halikwepeki. Mtu akisema alikuwa anatafutwa auawe, ataulizwa: umejuaje?

Ni swali la zamani. Plato alilizungusha katika kitabu chake cha Theaetetus zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akitafuta kinachotenganisha kujua na kuamini tu kitu ambacho kwa bahati kimekuwa kweli, na mazungumzo yale yakaisha bila jibu. Waliomfuata waliridhika na kanuni moja: kujua ni kuamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, na anayeamini awe na sababu ya kutosha. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliibomoa kanuni hiyo kwa makala ya kurasa tatu, na tangu hapo vitabu havijaisha kuandikwa. Lakini wanaolibeba swali hili kwa uzito wake wote hawako vyuoni. Wako kwenye vyumba vya mahojiano vya kambini, kwenye mahakama za Kasulu, kwenye ofisi za vijiji vya mpakani, na chombo chao ni kitenzi ambacho kila mtu hukitumia tangu utotoni bila kukitazama.

Kitazamwe, basi. "Najua kuendesha baiskeli" ni habari ya miguu na mizani ya mwili, wala anayejua hawezi kuieleza vizuri. "Utanijua" ni tishio. "Utajua mwenyewe" ni kunawa mikono. "Utajua hujui" ni tishio lenye somo ndani yake. Kazi za kujuana ni zile ambazo maskini hazipati. Mjuzi huitwa atoe ushauri, mjuaji hukimbiwa. "Sijui" nayo haisemi kila mara kwamba msemaji hajui: "alikuja na sijui nani yule" maana yake jina la huyo halina haja. Mwingereza naye hujaza mapengo ya mazungumzo yake kwa kitenzi hicho hicho, kama vile Mswahili anavyoanza, "Unajua, mama," hata pale ambapo mama hajui lolote na ndicho kisa cha kuambiwa.

Matumizi haya yote hayamsumbui mtu. Linalosumbua ni moja, na limejificha kwenye wakati uliopita.

Pita sokoni Kibondo siku yenye watu. Mwanamke anapima maharage kwa kisado, anainua macho, anamwona jirani yake. "Lo, dada! Mi nilijua umeshaenda Kasulu!" "Ningeendaje, gari lenyewe limejaa." Hakuna anayeshangaa. Hakuna anayemwambia muuza maharage kwamba hakujua, maana jirani hakwenda. Katika Kiswahili cha kila siku "nilijua" ni namna ya kawaida kabisa ya kueleza dhana iliyokuwa na nguvu kama ujuzi mpaka ilipokutana na "kumbe". Kirundi kina desturi hiyo hiyo: "nari nzi ko" hufungua sentensi ambayo mara nyingi mwisho wake umegeuka uongo. Msemaji anaeleza alikuwa amesimama wapi wakati ule. Hadai kwamba mambo yalikuwa hivyo.

Wanafalsafa wengi wangemsahihisha. Kwao kitu kisicho kweli hakijuliwi, huaminiwa tu, na anayesema alijua kisha ikawa sivyo ametumia neno vibaya. Allan Hazlett, mwaka 2010, aliwajibu kwa mfano kutoka Kiingereza chenyewe. Watu wote walijua kwamba vidonda vya tumbo huletwa na msongo wa mawazo, mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walipoonyesha miaka ya 1980 mwanzoni kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Sentensi hiyo Mwingereza huisema na kueleweka, ingawa "walichojua" hakikuwa kweli. Hazlett akahitimisha kwamba mazungumzo ya kawaida hayalazimishi ukweli kama vitabu vinavyodai. Wenzake wengi hawajakubaliana naye, na wanazo hoja nzuri. Hata hivyo mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hana sababu ya kustaajabu, kwa kuwa amesikia "nilijua" za aina hiyo kabla hajaanza shule.

Sasa hebu fikiria sentensi hiyo inatoka mdomoni mwa mama aliyekimbia kutoka Ruyigi, Burundi. Anaulizwa kwa nini aliondoka usiku na watoto bila kumsubiri mumewe. Anajibu: nilijua ameuawa. Mkalimani anaitafsiri neno kwa neno, na faili linaandikwa kwa Kiingereza kwamba alijua, kwa kitenzi ambacho msomaji wa ofisi ya mbali atakipokea kama dai la ukweli. Baadaye unakuja ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu, mojawapo ya zile barua za wazi ambazo ndugu waliopotezana huandikiana, kwamba mume yu hai Uganda. Kwenye karatasi mama huyo sasa ana kauli mbili zinazopingana, na kauli zinazopingana ndizo hutiwa mstari na mtu anayepima kama msimulizi anaaminika. Hakusema uongo hata kidogo. Alisema kweli juu ya usiku ule, kwa lugha inayoruhusu kusema hivyo.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini uzito wa mahojiano si wa kufikirika. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012. Kabla ya hapo familia zilihojiwa moja moja ili ijulikane nani bado ana hofu yenye msingi, kipimo kilichowekwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Zaidi ya watu elfu 30 walivuliwa hadhi ya ukimbizi. Waliobainika kuwa bado wanahitaji ulinzi hawakufika elfu tatu. Kwa kila mmoja wao kulikuwa na mtu aliyeuliza na mtu aliyeandika, na kati ya kuuliza na kuandika kulikuwa na kitenzi.

Mahakamani hali ilikuwa ngumu kwa namna yake. Mahakama za mwanzo za Tanzania zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili. Kuanzia mahakama za wilaya kwenda juu, kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili huku hakimu akiandika kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kwa mkono wake mwenyewe. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye rufaa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na ni moja ya mageuzi yenye heshima kubwa kwa mwananchi wa kawaida kuliko yalivyosifiwa. Mtu wa Heru Juu, Kasulu, sasa anaweza kusomewa alichosema, akakitambua kuwa ni chake.

Mwingereza J. L. Austin aliandika mwaka 1946 insha juu ya namna tunavyojua yaliyo mioyoni mwa wengine, na humo aliona jambo ambalo lingeweza kuonwa Kasulu vilevile. Mtu akisema anaamini, huulizwa kwa nini anaamini. Akisema anajua, huulizwa amejuaje. Hakuna anayeuliza "kwa nini unajua?" Jaribu kulisema swali hilo kwa Kiswahili, utaona nalo linavyogoma. Anayeamini anadaiwa sababu zake. Anayejua anadaiwa njia aliyopitia: alikuwa wapi, aliona nini, nani alimfundisha, alisikia kwa nani. Austin aliongeza kwamba kusema "najua" kunafanana na kutoa ahadi. Mtu ametoa neno lake, na wengine sasa wana haki ya kulitegemea.

Akaweka na kikomo, na hapo ndipo insha yake inapowafaa watu wa Nduta. Mtu akisema ndege aliye bustanini ni wa aina fulani kwa sababu ya rangi ya kichwa chake, anaweza kuambiwa kwamba ndege wengine pia wana vichwa vya rangi hiyo. Hilo ni pingamizi la haki. Lakini hadaiwi athibitishe kwamba ndege yule hajajazwa pamba. Ya kutosha ni ya kutosha, si yote. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kilichotoka 1979, kinafika karibu na hapo kwa njia ya kisheria: mkimbizi hukimbia mikono mitupu, kwa hiyo akishajitahidi kwa uaminifu kueleza yake, na maelezo yakashikamana, shaka iliyobaki imnufaishe yeye. Mhoji anayetaka hati ya muuaji anamdai mtu pamba ya ndege.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 nayo imelijenga swali la "umejuaje" ndani ya vifungu vyake. Kifungu kimojawapo kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonwa, aseme aliyeona; la kusikiwa, aliyesikia. Na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na usitegemewe mpaka uwezekano wa makosa uwe umeondolewa. Shahidi aulizwe alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani, na kama aliwahi kumwona kabla. "Ni yeye, namjua" haitoshi, hata ikisemwa na jirani wa miaka mingi, kwa maana katika kesi za baadaye mahakama ilikumbusha kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki zao. Kibatari kilikuwa wapi? Mlango ulikuwa wazi? Mwizi alikuwa amegeukia upande gani? Hayo ndiyo maswali ya Plato yakiwa kazini.

Wayoruba wa Nigeria wangeielewa mahakama hiyo bila taabu. Barry Hallen na J. Olubi Sodipo, waliofundisha falsafa Chuo Kikuu cha Ife, walichapisha mwaka 1986 kitabu juu ya ujuzi, imani na uchawi kilichotokana na mazungumzo marefu na waganga wa Kiyoruba. Waganga wale walishikilia kwamba kitenzi cha kujua kinamfaa aliyejionea tu. Yote yaliyopokewa kwa wengine, hata yaliyosomwa shuleni, huingia kwenye imani mpaka yajaribiwe. Wazungu walizoea kuandika kwamba Mwafrika huamini kila asimuliwacho na wazee. Kumbe wazee wenyewe walikuwa wameweka kipimo kikali kuliko cha darasa la Ulaya, ambalo huita ujuzi chochote kilichomo ensaiklopidia.

Kwenye uchawi ndipo Kigoma inapohitaji zaidi kipimo hicho. Miaka ya 1930 kundi lililoitwa Bamucapi lilitoka Nyasaland likaingia Rhodesia ya Kaskazini, na Audrey Richards akaliandikia makala iliyotoka 1935. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa mganga kijana, naye akiwaangalia kwenye kioo kidogo cha duara. Sura yako kwenye kioo ndiyo iliyosema kama wewe ni mchawi. Harakati hiyo ilivuka mipaka. Roy Willis aliikuta Ufipa na kuiandikia mwaka 1968 kwa jina la Kamcape. Katika miaka ya karibuni jina la kamchape limesikika tena katika vijiji vya mkoa wa Kigoma, na viongozi wa serikali wamelikemea mara kwa mara, kwa kuwa nyuma ya upigaji ramli huo huachwa wazee waliotozwa fedha, waliodhalilishwa na kufukuzwa kwenye nyumba zao.

Mganga wa kioo husema anajua. Mpe swali la Kasulu: umejuaje? Atajibu kwamba kioo kimeonyesha, na kioo chenyewe anakitazama yeye peke yake. Njia ya kufikia ujuzi huo haipitiki na mtu wa pili. Hakuna wa kuuliza mwanga ulikuwaje. Ndiyo tofauti ya kweli kati ya mganga huyu na shahidi wa mahakamani, wala si kwamba mmoja ni wa kizamani na mwingine wa kisasa. Wanaomzunguka humsaidia kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ni nzuri kwa kumwonya mtu anayepuuza dalili. Ikigeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya bibi mjane, inaua. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na kila aliyekaa jikoni anajua macho mekundu yanatoka wapi: moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, miaka arobaini mfululizo. Wauaji nao walijua. Wangesema hivyo hivyo, kwa kitenzi hicho hicho, na kwao hapakuwa na "kumbe".

Dini za eneo hili zina neno lao juu ya mipaka hiyo. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika tangu 1966, Wakatoliki na Wapentekoste ni wengi, na Ujiji ya Waislamu haiko mbali. Wote husema "Mungu ndiye anayejua", na mara nyingi husemwa kuzima mjadala, jambo la kusikitisha, kwa kuwa kauli hiyo asili yake ni ya unyenyekevu. Wanazuoni wa Kiislamu huifunga fatwa kwa kusema Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi baada ya kufanya kazi yote ya kutafuta, na ni wao waliojenga elimu nzima ya kuchunguza Hadithi kwa kufuata mnyororo wa wasimulizi: fulani alisikia kwa fulani, je, walikutana, je, kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Biblia nayo hutumia kujua kwa ukaribu wa mume na mke, na kwa Mungu anayemjua mtu kabla hajazaliwa. Ukiyaweka pamoja, mwumini ana sababu mbili za kwenda polepole anapotaka kusema anajua jirani yake ni mchawi: hakuuona mnyororo, na aliye na ujuzi wa mioyo ni Mwingine.

Ipo bado kujua kwa namna nyingine, ambayo mtu wa mpakani huihitaji kila anapokwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani, ndoa zimevuka mpaka tangu enzi za Abami, watawala wa jadi, na mwombaji wa Kasulu au Kibondo huweza kuulizwa zaidi juu ya baba na babu kuliko mwombaji wa Dodoma. Wabunge wa Kigoma wamelilalamikia jambo hilo bungeni. Karatasi mara nyingi hazipo. Mzee aliyezaliwa nyumbani miaka ya 1950 hana cheti. Kinachobaki ni barua ya serikali ya kijiji na watu wanaomjua.

Bertrand Russell, mwaka 1912, alitenganisha kujua kitu kwa kukutana nacho na kujua habari zake kwa maelezo. Mfaransa ana vitenzi viwili kwa kazi hizo, na Wakongo wa Nyarugusu waliosoma Kifaransa huvitumia vyote. Kiswahili kimeviweka kwenye neno moja, na mzee wa kitongoji anapoitwa kutoa ushahidi hutumia pande zote mbili kwa pamoja. "Huyu namjua. Baba yake tulichunga naye, mama yake alizikwa pale juu kwenye migomba, mimi nilishika jembe." Ofisa anayesikiliza amepewa zaidi ya muhuri. Amepewa kaburi la kwenda kuliona, majina ya watu wengine waliokuwa mazishini, mwaka unaoweza kulinganishwa na mwaka wa ukame au wa operesheni ya vijiji vya ujamaa. Akiandika kwenye fomu kwamba shahidi "anamfahamu mwombaji", ameyatupa yote hayo. Fomu ina nafasi ya mstari mmoja tu hapo, na nafasi hiyo ingeweza kuongezwa.